Upinde wa Kwanza: Uchaguzi na Matunzo ya Vifaa Vyake katika Ushetu

Upinde ni silaha ya mti uliopindwa kwa ugwe ili urushe mshale. Ushetu, halmashauri iliyo wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga, ni nchi ya miombo, tumbaku, mpunga na mizinga ya nyuki, na upinde huko haujawa kitu cha makumbusho. Wanyamwezi, Wasumbwa na Wasukuma waliutumia kuwinda nsya, tohe na pongo. Waliubeba vitani sambamba na magobore enzi za Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, aliyefariki mwaka 1884. Miaka ya mwanzo ya 1980 ukaonekana tena hadharani mikononi mwa Sungusungu, walinzi wa jadi waliojipanga vijijini Kahama na Nzega dhidi ya wezi wa ng'ombe na majambazi wenye bunduki. Anayetafuta upinde wake wa kwanza kwa kawaida huanza kwa kuuliza una nguvu kiasi gani. Hilo si swali la kuanzia. Mti wa upinde ukiwa mzima na wa wastani, kinachoamua kama mshale utafika unakotumwa ni ugwe, mshale wenyewe na namna vitu hivi vinavyotunzwa. Jasho na fedha za mwanzo ziende huko.

Tuanze na ugwe, kwa kuwa ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Mpiga upinde akivuta, nguvu za mkono wake huhifadhiwa ndani ya mti. Akiachia, nguvu hizo hupitia kwenye ugwe kabla ya kuufikia mshale. Ugwe mzito huzila njiani. Kwa hesabu za wanafizikia, takriban theluthi ya uzito wa ugwe huhesabika kana kwamba imeongezwa kwenye mshale, ila sehemu hiyo haimfikii mnyama wala shabaha. Mwenye kufunga waya wa breki ya pikipiki kwa kuwa haukatiki anapoteza mwendo wa mshale, na juu ya hayo waya humega ncha za mti pale unapokaa. Kamba ya nailoni nayo ni nyepesi na inapatikana kila duka, lakini hunyumbuka: sehemu ya nguvu huishia kuivuta kamba badala ya kuusukuma mshale, na upinde uliokuwa mkali asubuhi huwa umelegea ifikapo adhuhuri. Kano za mnyama zilizosokotwa, ambazo Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanazitumia hadi leo, ni nyepesi na hazinyumbuki ovyo. Adui wa kano ni maji. Katani iliyosokotwa vizuri inafaa pia, na uzi wa poliesta usionyumbuka ni bora zaidi kwa anayeanza, kwa sababu unavumilia mvua. Kwa vyovyote, ziwepo nyugwe mbili, na ule wa akiba uwe umeshatumika siku chache ili umalize kunyooka kwake kabla haujahitajika.

Mshale una mambo mengi zaidi. Anayetazama kwa macho matupu huona fimbo iliyonyooka ikiruka imenyooka. Picha za kamera za kasi zinaonyesha vingine: mshale ukisukumwa ghafla kutoka nyuma hujikunja, huzunguka ubavu wa upinde kama nyoka, kisha hujinyoosha ukiwa hewani. Wano, yaani fimbo ya mshale, ikiwa ngumu mno kwa upinde husika, mshale huenda pembeni upande mmoja. Ikiwa laini mno, huenda upande wa pili, na ikizidi hapo huvunjika karibu na mkono. Ndiyo maana mishale mizuri ya upinde wa jirani inaweza kuwa mibaya kwenye upinde wako. Anayeanza apate mishale sita inayofanana kwa urefu, unene na uzito kuliko ishirini ya kuokoteza. Mishale inayofanana humfundisha kosa lake, ilhali isiyofanana humpa kila mara kisingizio kipya. Mkole, mti wa jamii ya Grewia, hupendwa mahali pengi Afrika Mashariki kwa mawano na hata kwa pinde, kwani hukua na fito ndefu zenye nyuzi zilizonyooka. Fito hukatwa mbichi, huchunwa ganda, hukaushwa kivulini, kisha hupashwa motoni na kunyooshwa. Mhadzabe huubana ufito kwa meno huku jicho likifuata urefu wake. Kazi hiyo haifanywi mara moja tu. Wano husahau unyoofu wake kila msimu unapobadilika.

Chembe, yaani ncha ya chuma, ina historia yake katika ukanda huu. Warongo wa Geita walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe na silaha muda mrefu kabla migodi mikubwa ya dhahabu haijachimbwa. Siku hizi msumari mrefu uliofuliwa hutosha. Jambo la kuangalia ni uzito kuliko ukali wa kutisha: chembe nzito kupita kiasi hulainisha mwenendo wa wano, na mshale uliokuwa ukienda sawa huanza kuyumba. Manyoya ya kanga au ndege mwingine mkubwa yafungwe matatu, yote yametoka bawa la upande mmoja, maana manyoya ya kulia na ya kushoto hupinda kinyume na yakichanganywa hupingana hewani.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ya kutanguliza ugwe, mshale na matunzo linatoka kwa wanaosema upinde wenye nguvu hufuta makosa yote hayo. Ushahidi wao mkubwa ni Wawata, wanaoitwa pia Waliangulu, wa nyuma ya pwani ya Kenya, ambao pinde zao za kuwindia tembo zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta. Walinzi wa hifadhi ya Tsavo walizikamata nyingi katika kampeni ya 1956 na 1957. Pinde za Wahadzabe kwa kawaida huvutwa kwa kilo 30 hivi. Ni kweli kwamba Mwata alikuwa na nguvu za ajabu mkononi. Lakini alizipata kwa kuvuta tangu utotoni, na hakuziachia kazi yote: mishale yake ilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na chembe zenye sumu zilizungushiwa ngozi laini ili zisikauke wala zisimkwaruze mwenyewe, ngozi ikatolewa dakika ya mwisho. Hayo ni matunzo ya vifaa. Anayeanza akipewa upinde wa kilo 45 atauvuta nusu, mkono utatetemeka, na atajifunza kuachia kabla ya kulenga. Wa kilo 15 hadi 20 unatosha kumfundisha, na mti mzuri unaweza kuongezewa nguvu baadaye kwa kufupisha ugwe kidogo.

Pingamizi la pili ni la sumu: kwamba mshale ukiwa na sumu, usahihi hauna maana, mchubuko tu unatosha. Sumu za mishale za Afrika Mashariki zitokanazo na mimea ya jamii ya Acokanthera na Strophanthus husimamisha moyo. John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone kwenye Mto Zambezi ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aligundua nguvu hizo bila kukusudia: mswaki wake ulichafuliwa na sumu ya Strophanthus aliyokuwa amehifadhi, akaona mapigo ya moyo wake yakipungua. Kutokana na mimea hiyo zilipatikana dawa za moyo Ulaya. Basi ndiyo, sumu inaua. Lakini haiingii mwilini kwa kugusa manyoya ya mnyama. Lazima mshale utoboe ngozi na kufikia damu, na mshale unaoyumba hugonga ukiwa umelala, ukateleza. Tena sumu ni silaha isiyochagua. Chembe yenye sumu iliyosahauliwa kwenye paa la nyumba haimjui mtoto wala mbuzi. Na sheria imekata shauri: silaha yenye sumu ni marufuku katika uwindaji Tanzania.

Matunzo yenyewe hayana siri kubwa, yana nidhamu. Upinde ufunguliwe ugwe kila ukimaliza kutumika, la sivyo mti huzoea kupinda na hukaa hivyo. Usivutwe na kuachiwa bila mshale hata kwa mzaha, kwa kuwa nguvu zinazokosa mshale wa kuusukuma hurudi kwenye mti wenyewe, na mti hupasuka. Ugwe upakwe nta ya nyuki, bidhaa ambayo Ushetu inayo tele: kipande kidogo kinasuguliwa mpaka kidole kihisi joto na nta iingie kati ya nyuzi, siyo ikae juu tu. Mahali ugwe unapokutana na mshale pazungushiwe uzi mwembamba, na uzi huo ukianza kufumuka ubadilishwe siku hiyo hiyo. Upinde uhifadhiwe umelala au umening'inia nyumbani, mbali na jua na mbali na mabani ya kukaushia tumbaku, ambako joto huunyonya mti mpaka uwe mkavu na wenye kukatika. Pinde nyingi hufia darini, si porini. Mafuta kidogo mara chache kwa mwaka, hasa kabla ya masika na baada yake, huzuia mti kunywa maji na kupasuka. Vitundu vidogo vyenye unga mweupe ni dalili ya bungua. Upinde wa hivyo usivutwe. Kabla ya kurusha, kila mshale ukunjwe taratibu karibu na sikio: ukilia, umeshapasuka ndani, uvunje uwe kuni. Podo, yaani mfuko wa mishale, iwe na kifuniko na iwe nyembamba kiasi kwamba mishale haichezi wala manyoya hayasagani.

Wapo watakaosema kwamba mjadala wote huu umepitwa na wakati kwa kuwa upo upinde wa mtambo, wenye kitako kama cha bunduki na kifyatuo, ambao Marekani hutumika kuwindia kulungu wenye pembe za matawi. Ni kifaa cha kweli na kina ndugu Afrika: Wafang wa Gabon walikuwa na aina yake ya mti, yenye vishale vidogo vya sumu. Kwa mwanzo unaonekana rahisi, maana hauhitaji mkono kushikilia ugwe uliovutwa. Lakini unavuta ugwe kwa umbali mfupi tu, hivyo hulazimika kuwa na nguvu kubwa mno kufidia, na nguvu hizo zote hukaa juu ya ugwe na mfereji wa mshale. Mwenye nao hupaka nta mara kwa mara zaidi kuliko mwenye upinde wa mkono, hulainisha mfereji, hukagua mikono ya upinde kwa mipasuko, na kuachia bila mshale kwake ni hasara ya kifaa kizima, pengine na ya vidole. Hoja ya makala inabaki pale pale, tena kwa ukali zaidi.

Mwisho ni suala la wapi upinde unaruhusiwa. Tanzania haina kulungu wa Ulaya au Marekani. Wanyama wa miombo ni nsya, tohe, pongo, palahala na wenzao, na wote wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kuwinda bila kibali ni kosa, na kuingia na silaha katika mapori ya akiba au hifadhi bila ruhusa ni kosa hata kama hakuna mnyama aliyeguswa. Mahakama za kanda hii husikiliza kesi za namna hiyo mara kwa mara, na upinde huorodheshwa pamoja na panga na nyaya za mitego. Sungusungu walitambuliwa na sheria mwaka 1989, lakini hilo ni la ulinzi wa kijiji, siyo leseni ya kuwinda. Mwenye upinde wa kwanza Ushetu aulize kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake. Mpaka ajibiwe, shabaha yake iwe gunia lililoshindiliwa pumba za mpunga.