Hofu, woga na wasiwasi

Mwaka 2020 watafiti wa Iran na wenzao wa nchi nyingine walitunga hojaji fupi ya kupima hofu ya korona. Ina kauli 7, kila moja ikipewa alama 1 hadi 5, na punde ikatafsiriwa katika lugha nyingi. Kwa Kiswahili, mtihani unaanzia kwenye neno lenyewe: hofu, woga au wasiwasi?

Mwambie mvuvi wa Langoni, mjini Lamu, kwamba ana *woga*, umemtukana. *Wasiwasi* tumeupata kwa Waarabu, na asili yake ni mnong'ono wa Shetani moyoni, kwa hiyo muumini atakawia kuukiri. *Hofu* ndiyo yenye staha, nami ningeichagua hiyo. Hata hivyo, mzee anaweza kukujibu kwamba hofu ni ya Mungu peke yake, akajipa alama 1 huku usiku halali.

Kauli moja yauliza kama viganja hulowa jasho ukiifikiria korona. Lamu, wakati wa joto la kaskazi, viganja vya nani havilowi? Afadhali ile ya moyo kwenda mbio, maana hiyo kila mtu anaielewa.

Ndiyo maana haitoshi mtu wa pili kurudisha tafsiri kwa Kiingereza ili ilinganishwe na hojaji ya Kiingereza. Maneno yatalingana, na mvuvi bado atakuwa ametukanwa. Hojaji ipelekwe Lamu mjini, na Siyu na Faza kisiwani Pate, ambako hata lahaja hazifanani, na baada ya kila kauli mtu aulizwe: hapa umefahamu nini?