Hodi Katikati ya Hesabu

Mgeni abishaye hodi hachagui saa. Huenda mwenye nyumba yu katikati ya chakula, au anahesabu fedha zake. Lakini hodi ikisikika hana budi kuacha alilo nalo, amkaribishe mgeni, kisha arudi pale pale alipoachia. Akirudi akiwa amesahau hesabu ilifika wapi, kosa si la mgeni. Katika historia ya kompyuta, jambo hili dogo la kubisha hodi lilizusha moja ya masuala magumu ya elimu hiyo, na wengi wanaolisoma leo hawajui hofu iliyolizaa.

Kompyuta za kwanza aghalabu hazikuwa na hodi. Zilipotaka kuandika herufi moja, zilikaa kuingoja taipureta. Taipureta ya umeme ilipiga herufi kama 10 tu kwa sekunde, na katika muda huo mashine ingaliweza kufanya maelfu ya majumlisho: mwenye mbio alifungwa mguu mmoja na kobe. Dawa ilikuwa kuiacha mashine iendelee na hesabu zake, na kifaa kikiwa tayari kiikatize. Kompyuta iitwayo DYSEAC, iliyoundwa Marekani na kukamilika mwaka 1954, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukubali katizo la namna hii.

Huko Amsterdam, Bram Loopstra na Carel Scholten walikuwa wakisanifu kompyuta ya X1, iliyoanza kutoka mwaka 1958. Walitaka iwe na katizo. Mtunga programu wao, Edsger Dijkstra, alishikwa na hofu. Mpaka siku hizo programu ikiendeshwa mara mbili kwa tarakimu zile zile ilitoa jibu lile lile, na kosa likitokea liliweza kufuatwa hadi likakamatwa. Lakini hodi ikiweza kupigwa baina ya amri yoyote na ifuatayo, kosa laweza kutokea leo, na kesho likatafutwa mara elfu lisionekane. Alipinga kwa muda, wenziwe wakamsifu mpaka akalegea. Kazi aliyoifanya, ya kuhifadhi hali yote ya mashine kabla ya kumsikiliza mgeni na kuirudisha vile vile baadaye, iliingia katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959.

Hata hivyo kurudi salama hakukutosha. Chukua makarani wawili na daftari moja lenye hesabu ya 10. Wa kwanza asoma 10 akitaka kuongeza 1. Kabla hajaandika, akatizwa. Wa pili asoma 10, aandika 11, aenda zake. Wa kwanza arejea, naye aandika 11. Wawili wameongeza, daftari limepata moja tu. Hapana aliyekosea katika kazi yake. Kosa limo baina yao. Theodorus Dekker, Mholanzi pia, alionyesha mwaka 1959 jinsi watendaji wawili wawezavyo kupeana zamu bila kugongana. Mwaka 1965 Dijkstra alichapisha njia ya kufaa watendaji wa idadi yoyote. Kutoka katika alama za reli akaazima jina la semafo: namba inayolindwa na matendo mawili yasiyokatika, P na V. Atakaye kupita hutenda P, na kama njia si wazi hulala. Atokaye hutenda V, na anayengoja huamshwa.

Semafo zilijaribiwa katika mfumo uitwao THE, uliojengwa Eindhoven kwa ajili ya kompyuta ya X8 na kuelezwa kwa maandishi mwaka 1968. Humo mtunga programu wa tabaka za juu hakusikia tena hodi. Aliona watendaji wanaongojana kwa adabu. Dijkstra aliarifu kwamba makosa yaliyoonekana wakati wa majaribio yalikuwa madogo ya uandishi, kama moja kwa kila amri 500. Hofu ya X1 ilikuwa imejibiwa kwa mpango, si kwa bahati.

Sheria hiyo inatawala hata leo ndani ya kiini cha mifumo, katika programu ziendeshazo vifaa. Ashughulikiaye katizo haruhusiwi kulala. Hufanya lililo la lazima, na lililobaki huahirishwa. Tena, uzi wa kazi ukishika kufuli ambalo katizo nalo hulihitaji, sharti uzuie katizo kwanza katika kichakato chake. La sivyo, katizo litasimama kungoja kufuli, na mwenye kufuli hataweza kuliachia maana amekatizwa. Wote wawili watakwama milele. Linux, ilipoanza kutumia vichakato vingi mwaka 1996, ilikilinda kiini kizima kwa kufuli moja kubwa. Lilivunjwa kidogo kidogo, hata likaondolewa kabisa mwaka 2011.

Asiyeona sababu ya subira hii na atazame Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Pamoja na kasoro nyingine, kazi zilizomo katika programu ziligusa kumbukumbu moja bila kupeana zamu. Mwendeshaji mwepesi wa vidole aliposahihisha maelezo upesi, sehemu moja ya mashine ilishika habari mpya na nyingine ya zamani. Mafundi walipokuja kulitafuta kosa, mwanzoni hawakuliona. Hilo ndilo kosa lile lile alilolihofia kijana wa Amsterdam, nalo lilimkuta mtu amelala kitandani akingoja kuponywa.