Star Wars ndani ya ukumbi wa mabati: Shabiki wa sinema Obunga na utendi wa angani

MGENI afikapo Obunga, mtaa wa mabanda ulio kaskazini mwa katikati ya jiji la Kisumu, jambo la kwanza kumkaribisha ni harufu ya mgongo wazi. Hii ni mifupa ya mbuta, au sangara, inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa masoko ya ng'ambo. Akina mama huikaanga katika karai za mafuta na kuwauzia wenye kipato kidogo. Kuhusu biashara hiyo yameandikwa mengi. Jambo ambalo halijaandikwa sana ni sinema, na hasa namna hadithi ya Kimarekani kuhusu vita vya nyota ilivyopata mashabiki katika mitaa ya aina hii, mbali na majumba yenye viti vya sufi na hewa baridi.

Makala haya yanaeleza sinema hizo ni zipi, hutazamwa vipi, na kwa nini Mkenya ana haki ya kudai kwamba Star Wars, kwa kiasi fulani, ni yake pia.

UKUMBI WA VIDEO

Ukumbi wa video, au "video" tu kama uitwavyo mitaani, ni chumba cha mabati au cha udongo chenye mabenchi, runinga moja mbele, na spika zinazosikika hadi njiani. Madirisha huzibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Kiingilio ni shilingi chache. Nje huwekwa ubao wenye majina ya filamu za siku hiyo yaliyoandikwa kwa chaki, aghalabu tahajia ikiwa ya aliyeyaandika. Wikendi, ligi ya soka ya Uingereza inapoanza, filamu husimamishwa hata kama jambazi hajakamatwa.

Kumbi hizi zilirithi kazi ya gari la sinema, ambalo wasomaji wa rika la mwandishi huyu wanalikumbuka. Lilifika sokoni au katika uwanja wa shule, likatundika kitambaa cheupe, na baina ya vichekesho vya Charlie Chaplin likatangaza sabuni na mafuta ya kupikia. Baadaye zikaja kanda za VHS, kisha diski, kisha kifaa kidogo cha kuhifadhia data kinachochomekwa ubavuni mwa runinga. Leo vijana wengi hutazama kwenye simu, na kumbi zilizosalia hutegemea mpira zaidi kuliko filamu.

Ukimwomba mpenzi wa sinema aliyelelewa katika kumbi hizo akutajie filamu azipendazo, hatakosa Enter the Dragon ya 1973, ambayo Bruce Lee alifariki kabla haijaonyeshwa. Atataja Commando ya 1985, ambamo Arnold Schwarzenegger humwokoa binti yake kwa kuangamiza takriban jeshi zima. Atataja Bloodsport ya 1988 yake Jean-Claude Van Damme, na Sholay, filamu ya Kihindi ya 1975 inayotazamwa pwani na bara kana kwamba ilitoka jana. Kuanzia miaka ya 2000 orodha hiyo iliongezwa vichekesho vya Nigeria, Osuofia in London ya 2003 ikiongoza.

Zitazame filamu hizo kwa makini, nawe utaona kwamba nyingi zinafanana. Kuna mtu mmoja, kuna deni la damu au la heshima, na kuna adui anayemzidi kwa watu na silaha. Maneno ni machache au hayana uzito, kwa hivyo asiyejua Kiingereza wala Kihindi hapotezi mengi.

Hata kidogo kinachopotea kina watu wa kukirejesha. Nchini Kenya anayejulikana zaidi katika kazi hiyo ni DJ Afro, ambaye sauti yake ya Kiswahili kilichochanganywa na Sheng imefunika sauti za waigizaji katika filamu nyingi za mapigano. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Uganda ina wasimulizi wake, maarufu miongoni mwao akiwa VJ Jingo. Msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Humpa mhusika jina jipya, humcheka akikosea, hutabiri atakavyokufa, na pengine huhamishia kisa chote Nairobi au Kampala. Walimu wa lugha hukunja uso, lakini mwandishi huyu, ambaye kazi yake ni kusahihisha Kiswahili cha wengine, anakiri kwamba amewahi kumsikia msimulizi akipata kwa nusu sekunde neno ambalo chumba cha habari kingelijadili asubuhi nzima.

UTENDI WENYEWE

Star Wars ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei, 1977. Mtunzi na mwelekezi wake, George Lucas, aliifuatisha na The Empire Strikes Back mwaka 1980 na Return of the Jedi mwaka 1983, ingawa uelekezi wa hizo mbili aliwaachia wengine. Kisha akarudi nyuma kusimulia chimbuko la kisa katika filamu tatu za 1999, 2002 na 2005. Mwaka 2012 kampuni ya Disney ilinunua Lucasfilm kwa zaidi ya dola bilioni 4, na tatu za mwisho zikatoka 2015, 2017 na 2019. Kando ya hizo tisa kuna nyingine kama Rogue One ya 2016.

Kwa muhtasari, kijana aitwaye Luke Skywalker, aliyelelewa na mjomba katika sayari ya jangwa, anajiunga na waasi wanaopigana na himaya ya kidhalimu. Anafundishwa na mzee Obi-Wan Kenobi kuitumia Nguvu, uwezo usioonekana unaoviunganisha viumbe vyote. Adui wake mkuu ni Darth Vader, mwenye vazi jeusi na pumzi nzito, ambaye sauti yake ilikuwa ya James Earl Jones, mwigizaji Mmarekani mweusi aliyefariki Septemba 2024. Katika filamu ya pili Luke anagundua kwamba adui huyo ndiye baba yake mzazi.

Shabiki wa Bruce Lee hapati taabu kuingia katika kisa hiki. Lucas alichota mengi kutoka sinema za Kijapani za mashujaa wa upanga, hasa The Hidden Fortress ya Akira Kurosawa iliyotoka 1958. Upanga wa nuru ni upanga tu, na mzee anayemfundisha kijana ni yule yule wa filamu za kung fu.

Kwa mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria, ukaribu unazidi huo. Wajaluo wanamsimulia Luanda Magere, shujaa wa Kano aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ilivunjika kifuani mwake. Maadui walipochoka kushindwa walimpa binti yao amwoe. Siku moja Magere aliugua na kumwagiza mke huyo achanje kivuli chake ili kutia dawa, na damu ikatoka kivulini. Mke alitoroka usiku na kuipeleka siri kwao. Katika vita vilivyofuata mkuki ulilenga kivuli, na shujaa akaanguka na kugeuka jiwe.

Sasa tazama filamu ya 1977. Himaya ina ngome ya kivita yenye ukubwa wa mwezi, iwezayo kuangamiza sayari nzima, wala hakuna jeshi linaloikaribia. Waasi wanapata michoro yake iliyoibwa na kutambua kwamba kuna tundu dogo la kutolea joto, ambalo kombora likipenya humo ngome yote italipuka. Aliyesikia habari za Magere akiwa mtoto hahitaji kuelezwa mara mbili. Sisemi Lucas alifika Kano. Alikisoma kitabu cha Joseph Campbell cha 1949 kuhusu ngano za mashujaa wa mataifa mbalimbali, na ngano za namna hii hupatikana pote duniani. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba mtazamaji wa Kisumu anapoipenda hadithi hii anapenda kitu kigeni.

SAUTI YA MKENYA

Sehemu ya kisa hiki inayostahili kujulikana zaidi nchini ni hii. Katika Return of the Jedi, waasi wanaposhambulia ngome ya pili, chombo cha Millennium Falcon kinaongozwa na Lando Calrissian. Kando yake ameketi msaidizi mfupi mwenye macho meusi makubwa na mashavu yanayoning'inia, jina lake Nien Nunb. Huzungumza, hucheka, hushangilia. Mtazamaji wa Marekani husikia lugha ya sayari ya mbali. Mtazamaji wa Nyeri au Murang'a husikia Gikuyu.

Sauti hiyo ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani wakati huo. Mtaalamu wa sauti wa filamu hizo, Ben Burtt, alikuwa na desturi ya kutafuta lugha halisi ambazo watazamaji wake wa nyumbani hawakuzizoea, kisha kuzifanya ziwe za viumbe wa angani. Lugha ya wale viumbe wadogo wenye manyoya, Ewok, aliiegemeza kwenye Kikalmyk cha Urusi. Ya Jawa, wachuuzi wa vyuma vikuukuu jangwani, ilitokana na Kizulu kilichoharakishwa.

Hapa pana jambo la kutafakari. Kwa upande mmoja, lugha ya Kiafrika ilitumiwa kwa sababu ilidhaniwa hakuna atakayeielewa, na mwenye kuisema akavikwa sura ya mnyama. Kwa upande mwingine, Nien Nunb si mtumwa wala mjinga. Ni rubani hodari katika vita vinavyoiangusha himaya, naye husema maneno yenye maana. Mwandishi huyu aliposikia sauti ile kwa mara ya kwanza alirudisha kanda nyuma mara tatu, akidhani masikio yanamdanganya. Yamkini wako wengi waliofanya vivyo hivyo.

Si Star Wars pekee iliyokopa kwetu. Katika mfululizo wa runinga wa Star Trek ulioanza 1966, afisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno "uhuru", na katika baadhi ya vipindi alizungumza Kiswahili.

Kisha akaja Lupita Nyong'o. Alizaliwa Mexico mwaka 1983, mwaka ule ule wa Return of the Jedi, akalelewa Nairobi. Babake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alichaguliwa gavana wa Kisumu mwaka 2017 na tena 2022. Lupita alifanya kazi ndogo ndogo nyuma ya kamera filamu ya The Constant Gardener ilipotengenezwa Kenya, akasomea uigizaji Yale, na Machi 2014 akashinda tuzo ya Oscar kwa 12 Years a Slave. Baada ya jukumu hilo la mtumwa anayeteswa, alikubali kuwa Maz Kanata katika The Force Awakens ya 2015. Maz ni bibi mfupi mwenye miwani mikubwa, aliyeishi zaidi ya miaka 1,000. Kamera zilinasa mwondoko na uso wa Lupita, kompyuta ikaumba mwili mwingine juu yake. Amewahi kueleza kwamba alitamani kazi ambayo mwili wake haungekuwa jambo la kuangaliwa.

Katika filamu hiyo hiyo Nien Nunb alirejea, na sauti ikawa tena ya Rotich. Wakenya wawili, miaka 32 baina ya mmoja kuanza na mwingine kujiunga, na nyuso zao zote mbili zimefichwa.

Februari 2018 zamu ilikuwa ya uso kuonekana. Filamu ya Black Panther, ambamo Lupita ni Nakia, ilizinduliwa Kisumu kabla ya kufika katika kumbi nyingi za bara hili.

Watengenezaji wa humu nchini nao wamemtazama shabiki mwenyewe. Katika Nairobi Half Life ya 2012, yake David 'Tosh' Gitonga, kijana Mwas huuza DVD kijijini kwa kuigiza mbele ya wateja vipande vya sinema za Hollywood. Supa Modo ya 2018, yake Likarion Wainaina, inamhusu Jo, msichana mgonjwa anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachoungana ili naye awe mmoja wao. Naye Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi kuhusu Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Anayetaka kuona siku zijazo zikiwa na sura ya nyumbani aanzie hapo.

UTAZAME VIPI

Tatizo la shabiki wa mitaani limekuwa mpangilio. Diski za shilingi 50, zenye filamu nyingi kwa pamoja, zilichanganya sehemu hata baba akafa kabla ya kuzaliwa. Ushauri wangu ni kufuata mwaka wa kutolewa: 1977, 1980, 1983, ndipo 1999 na kuendelea. Anayeanza na ya 1999 huijua siri ya Darth Vader mapema, na pigo la filamu ya 1980 humpita bure.

Diski hizo, bila shaka, zilikuwa za wizi chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Isitoshe, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inamtaka anayeonyesha filamu hadharani awe na leseni, na Bodi ya Uainishaji Filamu ndiyo inayoamua umri wa watazamaji. Mengi ya malalamiko dhidi ya kumbi yamekuwa kuhusu watoto walioketi mbele ya filamu za wakubwa saa za masomo, na malalamiko hayo yana msingi. Lakini njia halali nayo haikumfikiria mkazi wa Obunga. Bei ya tiketi ya sinema mjini ilikuwa mara nyingi ya kiingilio cha ukumbi wa mabati, na ndani yake hapakuwa na wa kumsimulia kwa Kiswahili.

Filamu zote tisa kwa jumla huchukua takriban saa 20. Kwa ukumbi unaofunguliwa adhuhuri na kufungwa usiku, hizo ni siku mbili, iwapo umeme hautapotea na hapatakuwa na mechi.