Kitabu cha Chapa na Kalamu ya Chama: Kazi ya Habari katika Vyama vya Wafugaji vya Magharibi ya Marekani

Mwanagenzi anayepangiwa juma moja katika kitengo cha mawasiliano cha chama cha wafugaji wa ng'ombe, iwe Texas au Wyoming, hukabidhiwa kazi ambazo kwa sura ni za zama hizi: kuandaa taarifa kwa vyombo vya habari, kuchagua picha, kusahihisha kurasa za jarida la wanachama na kujibu maswali yanayoingia kwa njia ya mtandao. Historia ya vyama hivyo inaonyesha, hata hivyo, kwamba utoaji wa habari haukuwa pambo lililoongezwa baada ya fedha kupatikana, kwa sababu wafugaji wa karne ya 19 waliungana kwanza kabisa ili wapashane habari, na mengine yote, yakiwemo yale ya aibu, yalifuata baadaye.

Chanzo chake ni hali ya malisho. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, ng'ombe wa nyanda za magharibi walilishwa katika malisho ya wazi, yaani ardhi isiyo na uzio, ambayo sehemu yake kubwa huko Wyoming ilikuwa mali ya serikali kuu, na mifugo ya wenyewe wengi ikachanganyika humo kwa miezi mingi bila mtu kujua kwa hakika wake wako wapi. Kilichomtambulisha mwenye mali kilikuwa chapa, alama inayochomwa kwa chuma cha moto kwenye ngozi ya mnyama, ikisaidiwa na mikato ya masikio. Chapa zilikuwa na kanuni zake za usomaji: zilisomwa kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, herufi iliyolazwa ubavu iliitwa mvivu, yenye mabawa ilisemwa kuwa inaruka, na iliyokalia upinde ilisemwa kuwa inabembea. Lugha hiyo nzima haikuwa na faida kama jirani aliye mbali hakuijua, kwani chapa isiyojulikana na wengine haimlindi mwenyewe, na ndiyo maana orodha iliyochapishwa na kusambazwa ilikuwa hitaji la kwanza la biashara hiyo.

Huko Texas wafugaji wapatao 40 walikutana katika mji mdogo wa Graham mwezi Februari 1877 na kuunda chama cha wafugaji wa kaskazini-magharibi ya jimbo hilo. Waliigawa nchi katika wilaya za mkusanyo, yaani shughuli ya kila mwaka ya kuwaswaga ng'ombe wote mahali pamoja ili watenganishwe kwa chapa na ndama wachomwe alama za mama zao, na wakakubaliana kwamba atakayeona mnyama wa mwenzake amepotea atamjulisha. Katibu wao wa kwanza alikuwa James C. Loving, mwana wa Oliver Loving aliyefahamika kwa kuswaga makundi ya ng'ombe masafa marefu, na mwaka 1881 alichapisha kitabu cha chapa za wanachama. Vitabu vya namna hiyo, pamoja na magazeti ya mifugo ya wakati huo, vilikuwa na mpangilio ambao hata leo unavutia kwa ukavu wake: picha ndogo ya ng'ombe aliyesimama kwa ubavu, chapa ikiwa imechorwa mahali pale pale inapochomwa, kisha jina la mwenyewe, posta anakopokelea barua, na maelezo mafupi ya mikato ya masikio. Chama kilihamia Fort Worth mwaka 1893, kikaanzisha jarida lake, The Cattleman, mwaka 1914, na mwaka 1921 kikaungana na chama kingine na kupata jina linalotumika hadi leo, Texas and Southwestern Cattle Raisers Association.

Mfano wa Wyoming una uzito zaidi, kwa kuwa huko orodha iligeuka kuwa mamlaka. Chama kilichoanzishwa mwaka 1873 na wafugaji wa wilaya moja kilichukua mwaka 1879 jina la Wyoming Stock Growers Association, kikatangaza kila majira ya kuchipua tarehe na mipaka ya mikusanyo, na kikaweka wakaguzi wa chapa katika masoko yaliyofikiwa na reli. Sheria ya mwaka 1884 ilikipa chama hicho cha watu binafsi usimamizi wa mikusanyo yote ya eneo hilo, ikaagiza pia kwamba ndama wasio na chapa wauzwe na fedha ziingie katika mfuko wa chama kulipia wakaguzi. Mfugaji mdogo asiye mwanachama aliyetangulia tarehe iliyotangazwa kwenda kuwachoma ndama wake mwenyewe aliweza kuhesabiwa kuwa mwizi. Baada ya baridi kali ya 1886 na 1887, iliyoua ng'ombe wengi mno na kuwafilisi wafugaji wakubwa kadhaa, usimamizi ulihamishiwa kwenye bodi ya serikali, lakini fikra ilibaki ile ile: mwaka 1891 bodi hiyo iliwaagiza wakaguzi kuzuia fedha za ng'ombe waliopelekwa sokoni na watu walioandikwa kuwa wezi, na aliyeandikwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba mali ni yake. Ni vigumu kuona katika mpango huo tofauti kati ya kutoa taarifa na kutoa hukumu.

Magazeti ya Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, yaliishi jirani sana na wakubwa hao, na ukaribu huo ulionekana wazi mwezi Julai 1889, Ella Watson na James Averell waliponyongwa na wafugaji waliokuwa wakigombea nao ardhi. Averell alikuwa ameandika barua katika gazeti la Casper akiwalaumu wenye ardhi kubwa. Siku chache baada ya mauaji Watson alichorwa magazetini kuwa malaya na mwizi wa ng'ombe, na sura hiyo ya kubuni ikadumu kwa miongo mingi katika vitabu vya watu ambao hawakujishughulisha kutazama hati za ardhi wala za chapa yake.

Mwezi Aprili 1892 wanachama wakubwa wa chama, wakiwa na watu wenye silaha waliokodiwa Texas, jumla yao wapatao 50, walipanda treni ya siri kwenda kaskazini katika wilaya ya Johnson wakiwa na majina ya watu wa kuuawa. Walihakikisha kwamba nyaya za simu ya maandishi zinakatwa, lakini wakachukua waandishi wawili wa magazeti, Ed Towse wa Cheyenne na Sam Clover wa Chicago Herald. Walikusudia, kwa maneno mengine, kuamua ni habari ipi itoke na kwa kalamu ya nani. Mpango huo ndio uliowaumbua. Tarehe 9 Aprili walikizunguka kibanda cha Nate Champion, ambaye kwa saa nyingi za kurushiana risasi aliandika katika daftari lake dogo la mfukoni jinsi mwenzake Nick Ray alivyojeruhiwa na kufa, na jinsi wavamizi walivyojiandaa kukichoma kibanda. Champion alipouawa akikimbia moto, daftari lilimfikia Clover, na maandishi hayo yakatoka katika Chicago Herald. Wakazi wenye hasira waliwazingira wavamizi hadi askari wa serikali kuu walipofika kuwaokoa, na mwezi Januari 1893 kesi ikafutwa, wilaya ikiwa imeshindwa kubeba gharama zake.

Asa Mercer, mhariri wa Northwestern Live Stock Journal, gazeti lililoanzishwa Cheyenne mwaka 1883 na kuishi kwa matangazo ya chapa ya wafugaji hao hao, aliwageuka. Mwezi Oktoba 1892 alichapisha ungamo la mmoja wa waliokodiwa, na mwaka 1894 akatoa kitabu cha kuwashutumu, The Banditti of the Plains. Nakala zake zikawa adimu upesi, ingawa simulizi za kuchomwa kwake ni nyingi kuliko ushahidi. Chama nacho kilisimuliwa upya kwa upole zaidi, katika kitabu cha Agnes Wright Spring cha mwaka 1942 na kile cha John Rolfe Burroughs cha mwaka 1971.

Karne ya 20 ilibadilisha msikilizaji. Malisho yalikuwa yamezungushiwa uzio, utunzaji wa chapa ulikuwa kazi ya ofisi za serikali, na aliyetakiwa kushawishiwa sasa alikuwa mpishi wa mjini. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1985 iliweka tozo ya dola 1 kwa kila ng'ombe anayeuzwa, ili kugharimia utafiti na matangazo ya nyama, na kutokana nayo yakazaliwa mwaka 1992 matangazo yaliyoitangaza nyama ya ng'ombe kuwa ndicho chakula cha jioni. Baadhi ya wafugaji walikwenda mahakamani wakidai kwamba kulazimishwa kulipia matangazo wasiyoyakubali kunavunja uhuru wao wa kusema. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba ujumbe ule ni kauli ya serikali, na kwa hiyo mlipaji hana haki ya kuukataa kwa hoja hiyo. Hukumu hiyo inashangaza kidogo kwa mtu aliyefuatilia habari za mwaka 1884, kwa sababu kule chama binafsi kilitenda kwa nguvu ya dola, na hapa fedha za wafugaji zimelipia maneno yanayohesabiwa kuwa ya dola.

Sheria hiyo hiyo inakataza fedha za tozo kutumiwa kushawishi sera za serikali. Chama kinachofanya kazi zote mbili, kutangaza nyama kwa tozo na kutetea wanachama kwa ada zao, hulazimika kutenganisha hesabu, kiasi kwamba mwandishi yule yule akitumia asubuhi yake kwa mapishi ya mchuzi wa nyama, na mchana wake kwa barua ya kupinga muswada wa ardhi ya malisho, saa zake huandikwa katika mafungu mawili, na mwanagenzi hufundishwa hilo mapema.