Donald Macintyre, Mwindaji wa Nyambizi

Usiku wa kuamkia 17 Machi 1941, nyambizi za Ujerumani ziliuandama msafara wa meli HX 112 katika Atlantiki Kaskazini. Kamanda Macintyre wa Jeshi la Majini la Uingereza aliongoza meli za ulinzi wa msafara huo, akiwa kwenye manowari Walker. Manowari nyingine ya ulinzi, Vanoc, iliigonga nyambizi U-100 ikazama. Kisha mabomu ya Walker yakailazimisha nyambizi U-99 kuibuka. Nahodha wake hodari, Otto Kretschmer, alipandishwa Walker akiwa mateka, darubini ikining'inia shingoni, Macintyre akaichukua. Linalostahili heshima zaidi ni kwamba Walker iliwaokoa karibu mabaharia wote wa U-99, 40 kati ya 43. Alipostaafu, Macintyre alishika kalamu. Kitabu chake U-Boat Killer kilitoka mwaka 1956.