Msingi Uliozikwa Mara Mbili

Katika Java ya kati, upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Yogyakarta, lipo hekalu la Kibudha liitwalo Borobudur, lililojengwa kwa mawe ya volkano katika zama za wafalme wa ukoo wa Shailendra, yapata mwaka 800 baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Halina ukumbi wala chumba cha ibada ndani yake, bali ni kilima kilichovikwa mawe, chenye matabaka sita ya mraba na matatu ya duara juu yake, na mwenye kulizuru hulizunguka kwa miguu katika shoroba zake, akizifuata kutani hadithi za Budha zilizochongwa, hata afike kileleni penye kuba 72 za mawe ziitwazo stupa, zenye matundu, na katikati yao stupa kuu iliyozibwa pande zote. Vibao vya hadithi peke yake ni 1,460, na masanamu ya Budha yalikuwa 504. Mahali pa namna hii hapatoshelezwi na picha moja, wala kumi. Na tarikhi ya wapiga picha waliojaribu kupatosheleza, tangu kamera ilipoingia visiwa vile, ni tarikhi ya ustadi mwingi na ya bajeti ndogo.

Wa kwanza kutumwa kwa kazi hiyo alikuwa Mjerumani, Adolph Schaefer, ambaye katika mwaka 1845, alipoagizwa na serikali ya Uholanzi iliyokuwa ikitawala, alipanda Borobudur na vyombo vya mtindo wa Daguerre, yaani mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha, ambayo kila moja hutoa picha moja tu isiyoweza kutolewa nakala. Alileta mabamba 58. Wakubwa wa wizara walipokwisha kuyatazama na kupiga hesabu ya gharama ya kulimaliza hekalu zima kwa njia ile, waliona ni nafuu kuajiri mkono wa mchoraji. Kazi ikahamishiwa kwa F. C. Wilsen, ofisa wa jeshi, aliyeketi kwa miaka kadhaa akichora kibao baada ya kibao kwa kalamu. Michoro yake ilichapishwa Leiden mwaka 1873, nayo ni kazi ya kustahiwa; lakini aiangaliaye kwa makini huona kwamba kalamu ina adabu kupita kiasi: pua iliyovunjika hupona, ukungu wa mawe hutoweka, na nyuso za Wajava wa karne ya 9 huanza kufanana na nyuso za watu wa Ulaya.

Mwaka ule ule wa 1873 akapanda mtu mwingine, Isidore van Kinsbergen, aliyezaliwa Bruges na kufika Batavia (Jakarta ya leo) pamoja na kundi la waimbaji wa opera, ambaye kwa kuimba na kupaka rangi mapazia ya jukwaani alipata riziki yake kabla ya kuwa mpiga picha wa mambo ya kale. Sidhani kwamba uimbaji ule ulikuwa jambo la kando. Picha zake za masanamu ya Java zinamjua mtazamaji. Huzungusha giza nyuma ya sanamu kama mtu aliyezoea kuwasha taa za jukwaani, na kwa uzuri hapana wa karne ile aliyempita katika visiwa vile, ingawa mwenye elimu ya mambo ya kale angependa giza kidogo lipungue ili aone mkono wa kushoto umeshika nini.

Na hapa yafaa tutulie kidogo mintarafu ya nuru, kwa sababu wasafiri wengi wa leo, waendao kwenye mahekalu ya Asia na kamera zilizo bora mara mia kuliko za wale wazee, hurudi na picha zisizosema kitu, wasijue kwa nini. Mchongo wa jiwe hauonekani kwa wingi wa nuru, bali kwa upande nuru itokako. Jua likiupiga ukuta usoni moja kwa moja huzifuta sura; likiwa utosini, kivuli cha ukingo wa juu huteremka na kuzimeza nyuso; linalotakikana ni jua lipitalo kando, likiukwaruza ukuta kama mkono wa kipofu asomaye kwa vidole. Borobudur liko kusini ya ikweta, zaidi kidogo ya digrii saba, na katika miezi ya kiangazi cha Java, kuanzia Mei hata Septemba, jua hupita upande wa kaskazini mchana kutwa, ukuta utazamao kusini ukabaki kivulini. Jua linapouzukia ukuta huo, mwishoni mwa mwaka, mvua nazo zimekwisha kufika. Tena shoroba zenyewe ni nyembamba, upana wake kama mita mbili, hata mpiga picha hana pa kurudi nyuma. Atakaye kupiga kuta zote nne kwa nuru iliyo sawa hana budi kuwa na mwaka mzima, au kuwa na subira ya kungoja mawingu mepesi yatandazayo mwanga bila ya kuuzima.

Mwaka 1885 likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mhandisi wa Kiholanzi, J. W. IJzerman, akichunguza lile jukwaa pana la mawe linalolizunguka hekalu kwa chini, aligundua kwamba nyuma yake umefichika msingi wa kwanza, wenye michongo, uliozibwa na wajenzi wenyewe kabla haujakamilika. Kwa nini walifanya hivyo, wataalamu wamegawanyika: wako wasemao kwamba kilima kilianza kuteleza na mawe yakaongezwa kukizuia, na wako wasemao kwamba ni sababu ya dini. Hoja ya kwanza naiona ina nguvu zaidi, kwani baadhi ya vibao vimeachwa nusu, na juu ya vingine yamebaki maneno mafupi kwa hati ya kale ya Java, maagizo kwa fundi juu ya kitu cha kuchonga, ambayo kwa desturi yangefutwa kazi ikiisha. Na mtu hasitishi kazi namna hiyo kwa hiari.

Shauri likakatwa kwamba mawe yaondolewe sehemu kwa sehemu, kila sehemu ipigwe picha, kisha yarudishwe kabla ya kufungua sehemu ya pili, ili hekalu lisije likakosa egemeo. Kazi ilipewa Kassian Cephas, Mjava aliyezaliwa Yogyakarta mwaka 1845, Mkristo kwa dini, mpiga picha wa jumba la Sultani aliyekuwa Mwislamu, sasa akilipwa na Waholanzi ili apige picha za hekalu la Kibudha; na katika Java ya siku zile sidhani kwamba yeye mwenyewe aliona ajabu yoyote katika mchanganyiko huo. Ufundi aliusoma kwa Mholanzi mmoja, Simon Camerik, na kutoka kwake akarithi nafasi ya jumbani. Miaka michache kabla ya Borobudur, yaani mwaka 1888, aliomba kwa serikali ahesabiwe sawa na Wazungu mbele ya sheria, yeye na wanawe. Ombi ambalo fundi wa daraja yake hakustahili kulazimika kuliandika.

Katika miaka ya 1890 na 1891 Cephas alitoa picha 164, nazo 160 ni za vibao vya msingi uliofichwa, kimoja kimoja. Hazina mbwembwe za van Kinsbergen. Kibao kimejaa ndani ya fremu, nuru imetulia, na kila kitu chaweza kuhesabika: wavuvi na nyavu zao, watu wapikao samaki na kasa chunguni, na kando yao watu wale wale wakichemshwa chunguni katika moto wa akhera, mgonjwa akikandwa na jamaa zake, mtoaji sadaka na thawabu yake mbinguni. Baada ya hapo mawe yakarudishwa, na msingi ukazikwa mara ya pili.

Picha zikakaa karibu miaka 30 ndipo zikachapishwa kwa ukamilifu, katika kitabu kikubwa cha N. J. Krom cha mwaka 1920. Naye Mfaransa Sylvain Lévi, aliyekuwa amepata Nepal maandiko ya Kisanskriti juu ya matendo na malipo yake, akayalinganisha na picha zile, akabaini kwamba wachongaji walilifuata andiko hilo, Mahakarmavibhanga. Angefanyaje vingine? Jiwe lenyewe lilikuwa chini ya jiwe jingine.

Jambo la jinsi hiyo lilitukia pia Japani, kwa msiba mkubwa zaidi. Michoro ya ukutani ya ukumbi wa dhahabu wa hekalu la Horyuji, karibu na Nara, ilipigwa picha mwaka 1935 na nyumba ya wachapaji ya Benrido ya Kyoto, kwa ukubwa wa michoro yenyewe. Tarehe 26 Januari 1949 moto ukaiunguza, na wachoraji walipoirudisha kwa mikono yao katika miaka ya 1967 na 1968, picha zile ndizo zilizokuwa msaada wao mkuu.

Wajapani ndio pia waliofungua tena pembe ya kusini-mashariki ya msingi wa Borobudur walipoitawala Java wakati wa Vita Kuu ya Pili, na vibao vichache hapo vimeachwa wazi mpaka hivi leo. Mgeni huvifikia bila ya kupanda, na kwa hiyo kwa raha kuliko vya juu, ambako mwaka 2023 wapandao waliwekewa kikomo cha watu 1,200 tu kwa siku, pamoja na kiongozi, miguuni wamevaa ndara maalumu zisizokwaruza mawe. Lakini wale wavuvi, na chungu cha kasa, hawamo katika pembe ile. Atakaye kuwaona huenda kwenye jumba la makumbusho lililo ndani ya viwanja vya hekalu, lililopewa jina la michongo hiyo, ambamo zimetundikwa picha za Cephas.