Udhibiti wa pumu

Mgonjwa wa pumu akiulizwa hali, aghalabu hujibu kwamba hajambo, wiki hii haijambana. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimtoshi tabibu. Pumu huweza kukaa kimya huku kuta za njia za hewa zikiwa zimevimba, zikingoja vumbi, moshi wa kuni au mafua ya kawaida ili zijifunge. Ndiyo maana wataalamu wa magonjwa ya kifua hawaulizi kama mgonjwa amepona, wala hawaridhiki kusikia kwamba amepata nafuu. Wanauliza kama pumu yake imedhibitiwa.

Udhibiti wa pumu una kipimo chake. Miongozo ya kimataifa ya GINA huupima kwa maswali manne kuhusu wiki nne zilizopita. Je, dalili za mchana zilikuja zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, uliwahi kuamshwa usiku na kikohozi au kubanwa? Ulitumia inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna shughuli yoyote iliyokushinda kwa sababu ya kifua? Anayejibu hapana kwa yote manne, pumu yake imedhibitiwa vizuri. Ndiyo moja au mbili, imedhibitiwa kwa kiasi tu. Tatu au nne, haijadhibitiwa, hata kama mgonjwa ameingia kliniki kwa miguu yake akitabasamu. Hakuna mashine hapo wala damu inayotolewa. Muuguzi wa zahanati anaweza kuyauliza mgonjwa akiwa bado kwenye benchi.

Wengi wetu tumezoea kusema kuzuia pumu, na neno hilo ndilo linaloleta balaa. Kuzuia kuna nyakati mbili: unazuia jambo lisije, na unalizuia likiwa limekwisha kuja. Chukua mama aliyepewa inhela mbili za mwanawe, moja ya salbutamoli na nyingine ya beklometasoni, akaambiwa hii ya pili ni ya kuzuia. Usiku wa manane mtoto anabanwa, kifua kinalia kama filimbi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Mama anachukua ile ya kuzuia, maana anachotaka ni shambulio lizuiwe. Haifanyi kitu, kwa sababu kazi ya beklometasoni ni kupunguza uvimbe polepole, kwa siku na wiki. Asubuhi mama ameshaamua kwamba dawa ile haifai, na haitumii tena. Amepoteza dawa ambayo ingemwokoa mwanawe na usiku mwingine kama huo, na aliyempotosha ni neno.

Kukinga nako hakutoshi, kwani kinga kwetu ni chanjo: unachomwa, unarudi nyumbani. Kudhibiti kunabeba mwendelezo. Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hakuna anayedhani kazi yake inaanza siku fedha zinapoibwa. Anaangalia mwaka hadi mwaka, pawe na hasara au pasiwe. Beklometasoni hutumika vivyo hivyo, asubuhi na jioni, kifua kikiwa kizima.

Kwa mfumo wa afya wa taifa tofauti hii ni uhai wa watu. Uingereza, yenye huduma ya afya ya umma inayomfikia kila mkazi, ilichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa vifo 195 vya pumu. Miongoni mwa marehemu 165 ambao kumbukumbu zao zilionyesha idadi ya inhela za kutuliza walizoandikiwa, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Dawa ilikuwapo, na daktari alikuwapo. Kila inhela ilipokwisha ilitolewa nyingine, na idadi yenyewe ilikuwa ikipiga kelele kwamba pumu hizo hazijadhibitiwa.

Ufini ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 1994 ilizindua mpango wa kitaifa wa miaka kumi uliosimama juu ya wazo moja: pumu ni ugonjwa wa uvimbe, nao utibiwe mapema kwa dawa ya uvimbe. Vituo vya afya viliteua daktari na muuguzi wa pumu, na maduka ya dawa yakateua mfamasia wa kuwafundisha wagonjwa. Siku za kulazwa hospitalini kwa pumu zikapungua kwa zaidi ya nusu, ingawa waliokuwa wakitibiwa waliongezeka.

Kuna jambo la lugha katika habari ya Wafini ambalo ninalipenda sana. Salbutamoli wao huiita dawa inayofungua, na ile ya uvimbe huiita dawa inayotibu. Mgonjwa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Na sisi tunasema tayari kufungua kifua, tena bila kufundishwa na mtu. Basi kwenye lebo iandikwe dawa ya kufungua kifua, tumia unapobanwa. Na kwenye nyingine, dawa ya kudhibiti pumu, tumia kila siku hata ukiwa mzima, kisha sukutua kinywa.

Sayansi, hata hivyo, haisubiri istilahi zitulie. Tangu 2019 GINA haipendekezi tena kumtibu mtu mzima au kijana kwa salbutamoli peke yake. Inapendelea inhela moja yenye budesonaidi na formoteroli, ambayo inafungua kifua na kupunguza uvimbe kwa mvuto uleule. Kwa mgonjwa wa inhela hiyo, lebo zangu mbili hazitafaa. Swali la muuguzi kwenye benchi halitabadilika: katika wiki nne zilizopita, uliamshwa usiku?